Namba 3 inavuja: mwongozo kamili wa kumpima mchezaji huru wa besiboli

Alfajiri ya tarehe 31 Oktoba 2024, saa kumi ilikuwa imeshapita huku kwetu Afrika Mashariki, New York Yankees walikuwa wanaongoza 5-0 katika mchezo wa tano wa fainali dhidi ya Los Angeles Dodgers. Mookie Betts akaugusa mpira vibaya, ukaviringika taratibu kuelekea beisi ya kwanza. Anthony Rizzo akauokota, akageuka ampe mrushaji wake Gerrit Cole, ambaye kwa desturi ya mchezo huu anatakiwa awe ameshakimbilia kuifunika beisi. Cole hakuwepo. Alikuwa amesimama ananyoosha kidole. Betts akafika salama, Dodgers wakapata pointi yao ya kwanza, na inningi (awamu) hiyo ya tano haikuisha mpaka ubao uliposoma 5-5. Yankees walipoteza 7-6, na ubingwa ukaenda Los Angeles.

Mchezo mmoja hauhukumu timu. Lakini aliyekesha na Yankees msimu mzima alijua kwamba beisi ya kwanza ilikuwa inavuja tangu Juni. Kwenye karatasi ya kuandikia matokeo ya besiboli kila nafasi uwanjani ina namba: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, beisi ya kwanza ni 3. Kwa hiyo ule usemi wetu wa soka, “fulani amepata namba”, unaingia hapa bila kubadilishwa hata herufi. Swali la majira yale ya baridi New York lilikuwa: nani apewe namba 3?

Nitautumia mfano huo kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu majibu yake tunayo tayari na tunaweza kujisahihisha. Njia hii inafaa pia kama unaendesha timu ya kubuni mtandaoni na marafiki, au unataka tu kubishana kwa hoja. Vifaa ni vichache: lahajedwali, au daftari la mistari, na tovuti tatu zisizolipiwa, Baseball-Reference, FanGraphs na Baseball Savant.

Hatua ya 1: Pima pengo kabla hujataja jina

Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kuanza na majina. Fulani yuko huru, basi tumchukue. Anza na pengo. Andika kila aliyecheza namba hiyo msimu uliopita, alipiga vipi na alicheza michezo mingapi.

Rizzo mwaka 2024 alicheza michezo 92, akapiga wastani wa .228 (mapigo salama 228 kwa kila majaribio 1,000) na hom rani 8, yaani mipira iliyovuka ukuta. Alivunjika mkono mwezi Juni, akarudi, kisha mwishoni mwa Septemba akavunjika vidole viwili baada ya kugongwa na mpira. DJ LeMahieu, mmoja wa waliokuwa wakimsaidia, alipiga .204 katika michezo 67. Ilipofika raundi ya mtoano dhidi ya Kansas City, timu yenye bajeti kubwa kama Yankees ilimpanga Jon Berti beisi ya kwanza, mtu ambaye hakuwahi kuianza namba hiyo katika ligi kuu.

Hapa jiulize maswali mawili. La kwanza: pengo limetokana na jeraha la mwaka mmoja, au mwenye namba amechakaa? Rizzo alikuwa na miaka 35, na nguvu zake za kupiga zilikuwa zimepungua hata kabla ya kuumia. Hilo si jeraha la kusubiri lipone. La pili: pengo lina gharama gani kwa ushindi? Kipimo kinachotumika ni WAR, yaani idadi ya ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu kuliko yule wa akiba anayepatikana kwa bei ya chee. Sifuri maana yake ni mtu yeyote wa kuokoteza. Mbili ni mchezaji wa kawaida anayestahili kuanza. Tano ni nyota. Ukitoka sifuri hadi mbili, umepata ushindi miwili. Ni midogo? Yankees waliongoza kundi lao mwaka 2024 kwa ushindi 94, Baltimore wakiwa nyuma yao na 91.

Kumbuka pia kwamba namba zote si sawa. FanGraphs humkata mchezaji wa beisi ya kwanza pointi 12.5 kwa msimu mzima, kwa sababu nafasi hiyo ni rahisi kuilinda kuliko nyingine, wakati anayecheza kati ya beisi ya pili na ya tatu huongezewa 7.5. Pointi kumi ni takriban ushindi mmoja. Hivyo namba 3 ni ya mtu wa kupiga. Asiyepiga hapo ni sawa na straika asiyefunga: hata akikaba vizuri namna gani, bado unadaiwa mabao.

Hatua ya 2: Chungulia ndani ya nyumba

Kabla ya kwenda sokoni, fungua kabati. Mchezaji kijana analipwa kima cha chini cha ligi, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Akikupa ushindi mmoja tu, umepata kwa bei ya karanga kile ambacho sokoni kingekugharimu mamilioni.

Yankees walikuwa na Ben Rice. Tarehe 6 Julai 2024 alipiga hom rani tatu katika mchezo mmoja dhidi ya Boston, na mtaa mzima ukalipuka. Halafu akapoa. Alimaliza msimu kwa .171 katika michezo 50. Ukisoma wastani huo peke yake utamfukuza kesho. Lakini alikuwa anaupiga mpira kwa nguvu, tena anapiga kwa mkono wa kushoto katika uwanja ambao ukuta wake wa kulia, upande anaouvutia mpira, uko futi 314 tu kutoka beisi ya nyumbani, kama mita 96. Michezo 50 ni michache mno kumhukumu mtu.

Uamuzi wa hatua hii ulibadilisha kila kilichofuata: Rice hakuwa tayari kukabidhiwa namba peke yake, na hakuwa wa kuzibiwa njia kwa miaka mitatu pia. Kwa hiyo anayetafutwa sokoni ni wa kuja, kufanya kazi, na kumwachia kijana nafasi akikomaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukishalijua hilo, nusu ya majina yanajifuta yenyewe kwenye orodha.

Hatua ya 3: Jua nani kweli yuko sokoni, na kwa nini

Mchezaji anakuwa huru akitimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu na mkataba wake ukiwa umeisha. Mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kwa siku 172. Wengine huachiwa na timu zenyewe: Yankees walikuwa na haki ya kumbakisha Rizzo kwa dola milioni 17, au kumlipa milioni 6 aondoke. Wakalipa.

Hapo pana hesabu ambayo wengi huikosea. Milioni 6 zilikuwa zinatoka kwa vyovyote vile. Kwa hiyo bei halisi ya kumbakisha Rizzo ilikuwa milioni 11, si 17. Kila jina jipya lilinganishwe na hizo 11.

Majina manne yalistahili kuchambuliwa: Christian Walker kutoka Arizona, Pete Alonso wa Mets, Paul Goldschmidt kutoka St. Louis, na mkongwe Carlos Santana aliyetoka Minnesota. Pembeni weka safu ya wanaopatikana kwa kubadilishana, maana wao pia wanashusha bei sokoni. Majira yale Josh Naylor alihama Cleveland kwenda Arizona, na Nathaniel Lowe akatoka Texas kwenda Washington. Anayepatikana kwa kubadilishana anakula vijana wako, wala si fedha zako tu.

Hatua ya 4: Misimu mitatu, na mizani

Msimu mmoja unadanganya. Chukua mitatu, uipe uzito: wa karibuni zidisha kwa 5, wa kabla yake kwa 4, wa tatu kwa 3, kisha gawa kwa 12. Ni njia ya zamani na nyepesi, na hadi leo inatoa upinzani mkali kwa mifumo ya kompyuta yenye madoido.

Nitatumia OPS, ambayo ni jumla ya vitu viwili: mchezaji anafika beisi mara ngapi, na mapigo yake yana thamani ya beisi ngapi. Mwaka 2024 wastani wa ligi ulikuwa karibu .711. Anayefika .800 ni mzuri, .900 ni tishio.

Goldschmidt: .981 mwaka 2022, alipochaguliwa mchezaji bora wa ligi ya National; .810 mwaka 2023; .716 mwaka 2024. Hesabu inatoa .814.

Walker: .804, .830, .803. Hesabu inatoa .812.

Alonso: .869, .821, .788. Inatoa .819.

Santana: .692, .747, .748. Inatoa .734.

Sasa tulia hapo. Kwa mizani hii Goldschmidt na Walker ni pacha, wametofautiana kwa .002 tu. Lakini ziangalie zile namba tatu za kila mmoja. Walker yuko kwenye barabara tambarare. Goldschmidt yuko kwenye mteremko, na breki hazijaonekana. Ile .981 ya mwaka 2022 bado inampandisha hesabu ingawa aliyeipiga alikuwa na miaka miwili pungufu. Wastani umekuambia mahali alipopita, haujakuambia anakoelekea.

Ndiyo maana baada ya mizani unaweka kisu cha umri. Kanuni ya mkono ni kumpunguzia mchezaji aliyevuka miaka 30 WAR 0.5 kila mwaka, na baada ya 35 usishangae akidondoka zaidi. Andika umri wa msimu unaokuja, si wa msimu uliopita: Alonso 30, Walker 34, Goldschmidt 37 akitimiza 38 Septemba, Santana 39.

Anayepuuza kisu hiki akamuulize Houston. Novemba 2022 Astros walimpa José Abreu, mchezaji bora wa ligi ya American wa mwaka 2020, mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 58.5. Alikuwa anaelekea miaka 36. Msimu wake wa mwisho Chicago alipiga .304, na namba hiyo ikawalevya watu wasione kwamba hom rani zilikuwa zimebaki 15 tu. Mwaka 2023 alipiga .237. Mwaka 2024 alipiga .124 katika michezo 35, na Juni wakamwachia huku fedha zikiendelea kutoka. Cha mlevi huliwa na mgema.

Hatua ya 5: Fungua injini

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kote. OPS ni matokeo. Wewe unatafuta chanzo.

Kwanza, straiki (mipira halali ambayo mpigaji akiikosa au kuiacha mara tatu anatoka) na beisi za bure (mrushaji akikosea mara nne, mpigaji anapewa ya kwanza). Vitu hivi viwili hutulia haraka na havitegemei bahati ya mpira kuangukia wapi. Goldschmidt mwaka 2022 alitolewa kwa straiki karibu asilimia 22 ya mara alizosimama kupiga. Mwaka 2024 ikawa zaidi ya 26. Beisi za bure zikashuka kutoka asilimia 12 hadi 7. Huyu ni mtu aliyeanza kuuona mpira kwa kuchelewa, kwa hiyo akaanza kubahatisha mapema. Kwangu hiyo ilikuwa alama ya hatari kubwa kuliko wastani wake wa .245.

Pili, ukali wa mpira ukitoka kwenye gongo. Baseball Savant huonyesha kasi yake. Wenyewe huhesabu kuwa mpira umepigwa kwa nguvu ukifikia maili 95 kwa saa, kama kilomita 153. Mzee ambaye straiki zimeongezeka lakini bado anautwanga mpira ana dawa: mpange kwa uangalifu. Mzee ambaye hata anapougusa mpira unatoka umelegea, mwache. Goldschmidt alikuwa wa kundi la kwanza.

Tatu, na hapa ndipo Yankees walipoona kitu: anampiga nani? Mpigaji wa mkono wa kulia kwa kawaida humuona vizuri zaidi mrushaji wa mkono wa kushoto, na kinyume chake. Goldschmidt anapiga kwa mkono wa kulia, na hata katika mwaka wake mbaya warushaji wa kushoto walikuwa chakula chake. Timu ilikuwa imejaa wapigaji wa kushoto: Rice, Jazz Chisholm, Austin Wells, na Cody Bellinger aliyekuwa ametoka kupatikana kwa kubadilishana. Pengo lao kumbe lilikuwa na umbo. Walihitaji mtu wa beisi ya kwanza, ndiyo, lakini hasa walihitaji mtu wa siku za mrushaji wa kushoto. Santana anapiga pande zote mbili, kwa hiyo naye alistahili alama hapa.

Tahadhari moja: migawanyo hii inahitaji mifano mingi. Mpigaji wa kila siku husimama mbele ya warushaji wa kushoto mara 150 tu hivi kwa mwaka. Usimjengee mtu sifa kwa wiki sita. Tazama miaka yake yote ya kazi, kisha tazama mwaka wa mwisho, na uuamini wa mwisho kidogo tu.

Nne, bahati. Mpira uliopigwa ukabaki ndani ya uwanja hugeuka kuwa pigo salama karibu mara 29 au 30 kwa kila 100. Ukimkuta mtu ameshuka sana chini ya hapo huku nguvu yake ikiwa ileile, huenda alikuwa na mkosi, na soko litamuuza chini ya thamani. Ukimkuta amepaa juu ya hapo, unataka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na uwanja wa nyumbani. Usihamishe hom rani za mtu kutoka mji mmoja hadi mwingine kana kwamba kuta zote zinalingana. Ukuta mfupi wa kulia wa Yankee Stadium unawanufaisha wa kushoto. Mpigaji wa kulia anayeuvuta mpira upande wake hapati zawadi hiyo.

Hatua ya 6: Glovu na mwili

Fupi. Wa beisi ya kwanza hupimwa kwa kuokoa mipira mibovu anayorushiwa na wenzake na kwa hatua mbili anazopiga kulia na kushoto. Walker alishinda Gold Glove, tuzo ya anayelinda vizuri zaidi nafasi yake, mwaka 2022, 2023 na 2024, mfululizo. Santana alipata yake ya kwanza mwaka 2024 akiwa na miaka 38, jambo ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa vituko vizuri vya besiboli. Goldschmidt ana nne, za zamani zaidi. Alonso si wa glovu.

Kuhusu mwili, hesabu michezo: mwaka 2024 Alonso alicheza yote 162, Goldschmidt 154, Santana 150, Walker 130 kwa sababu ya msuli wa ubavuni. Sasa unaweza kuona picha nzima. Kwa hesabu za FanGraphs za msimu huo, Walker na Santana walikuwa karibu WAR 3 kila mmoja, Alonso karibu 2, Goldschmidt karibu 1. Ndiyo, Santana alimshinda Alonso mwaka huo, kwa glovu, ingawa Alonso alikuwa na hom rani 34 na yeye 23.

Hatua ya 7: Bei iliyo kwenye gazeti si bei unayolipa

Soko linauza ushindi mmoja, yaani WAR moja, kwa takriban dola milioni 8 hadi 9. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia. Dola milioni 12.5 ni bei ya ushindi mmoja na nusu. Milioni 20 kwa mwaka ni ya miwili na kitu. Lakini juu ya mshahara kuna mizigo miwili.

Mzigo wa kwanza ni ofa ya mwaka mmoja. Timu inaweza kumwekea mchezaji wake anayeondoka ofa yenye thamani iliyowekwa na ligi. Mwaka ule ilikuwa dola milioni 21.05. Akiikataa na kusaini kwingine, timu inayomchukua inapoteza nafasi za kuchagua vijana. Timu ambayo imelipa kodi ya anasa (ile wanayotozwa wanaolipa mishahara kupita mstari uliowekwa na ligi), kama Yankees, inapoteza chaguo lake la pili na la tano, pamoja na dola milioni moja ya fedha za kusajili vijana wa nje. Walker na Alonso walikuwa wamebeba ofa hiyo mgongoni. Goldschmidt na Santana hawakuwa nayo. Mets hawakuwa na cha kupoteza kwa Alonso kwa kuwa ni wao walioitoa. Ndiyo sababu mara nyingi mteja wa mwisho wa mchezaji wa namna hii ni timu yake ileile.

Mzigo wa pili ni kodi ya anasa. Mwaka 2025 mstari wa kwanza ulikuwa dola milioni 241, na wa mwisho milioni 301. Timu iliyovuka miaka mitatu mfululizo au zaidi hulipa asilimia 50 ya kila dola iliyo juu ya mstari wa kwanza, na ikivuka hadi juu ya ule wa mwisho, dola za huko hutozwa asilimia 110. Kwa hiyo piga hesabu ya klabu ambayo imeshafika juu kule: mchezaji wa milioni 12.5 anakuwa wa milioni 26.25. Wa milioni 20 anakuwa wa milioni 42. Kwa mwaka. Kodi hutazama wastani wa mkataba kwa mwaka, hivyo ujanja wa kulipa kidogo mwanzoni haukwepeshi.

Ukizilinganisha bei hizo, tofauti ya milioni 7.5 kati ya wachezaji wawili inageuka kuwa karibu milioni 16, na bado hujahesabu vijana wawili uliowapoteza. Timu ndogo isiyokaribia mistari hiyo haina tatizo hili kabisa, ndiyo maana mchezaji yuleyule anaweza kuwa ghali New York na wa bei nzuri kwingine.

Hatua ya 8: Urefu na umbo la mkataba

Mwaka mmoja kwa mzee ni bima. Miaka mitatu kwa mtu wa 34 ni kununua mwaka wa kwanza kwa furaha, wa pili kwa matumaini, na wa tatu kwa kufumba macho. Ukimtaka sana, hesabu WAR ya kila mwaka ukiipunguza 0.5, jumlisha, zidisha kwa bei ya soko, uone kama inafikia anachodai. Chukua Walker: 2.5, kisha 2, kisha 1.5, jumla 6, mara milioni 8.5 ni milioni 51. Akidai 60, unajua unalipia ziada ya milioni 9, na unaamua kwa macho makavu kama glovu yake inaistahili.

Kuna pia kipengele cha kumruhusu mchezaji kujitoa mapema. Watu hukiona kama pambo. Si pambo; ni fedha. Akicheza vizuri anaondoka, akicheza vibaya anabaki nawe. Ukikubali kipengele hicho, mshahara wa mwaka ushuke au idadi ya miaka ipungue.

Hatua ya 9: Panga, weka dari, usingoje sana

Andika majina kwa mpangilio, na mbele ya kila moja bei ya juu kabisa utakayofika. Iandike kabla ya simu ya kwanza ya wakala, kwa sababu baada ya simu ya tatu kila mtu anaona kwamba milioni mbili zaidi si kitu. Na ujue soko hili ni la viti vichache. Siku chache kabla ya Krismasi ya 2024, Walker alienda Houston kwa miaka mitatu na milioni 60, Santana akarudi Cleveland kwa mwaka mmoja na milioni 12, Naylor na Lowe wakahamishwa, na Yankees wakamchukua Goldschmidt kwa mwaka mmoja na milioni 12.5. Ilikuwa kama daladala la mwisho Kariakoo. Aliyebaki kituoni ni Alonso, ambaye alisaini tena na Mets mwezi Februari: miaka miwili, milioni 54, na ruhusa ya kujitoa baada ya mwaka wa kwanza.

Kwa daftari langu, Walker alikuwa mchezaji bora kuliko Goldschmidt, na Goldschmidt alikuwa jibu bora kwa Yankees. Sentensi hizo mbili hazigombani ukikumbuka hatua ya 2, ya 5 na ya 7: kijana anayesubiri, pengo la siku za mrushaji wa kushoto, na kodi. Santana ndiye aliyenitia mashaka. Alikuwa na mwaka mzuri zaidi, bei ileile, glovu bora. Nilimweka wa pili kwa ajili ya umri tu, na sikuwa na uhakika.

Hatua ya 10: Rudi kwenye daftari msimu ukiisha

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Fungua ulichoandika Desemba, ukisome bila kujitetea.

Santana alidondoka mwaka 2025, na Cleveland walimwachia mwishoni mwa Agosti. Walker alipiga hom rani 27 lakini wastani wake ukawa .238, chini ya alivyozoea, na mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka miwili. Alonso alipiga 38, akaleta pointi 126, akajitoa kama kipengele kilivyomruhusu, na Baltimore wakampa miaka mitano na milioni 155. Kwake nilikosea: nilimuona kwenye mteremko, nikasahau kwamba mtu wa miaka 30 bado anaweza kupanda tena.

Goldschmidt alipiga .274 na hom rani 10 tu. OPS yake ilikuwa .731. Mizani ya misimu mitatu ilisema .814, kwa hiyo kisu cha umri kilikata kama kilivyotarajiwa. Lakini dhidi ya warushaji wa kushoto alipiga zaidi ya .330. Rice naye alifikisha hom rani 26.

Mwanzoni mwa mtoano wa 2025 Boston walimpanga Garrett Crochet, wa kushoto. Goldschmidt akaanza beisi ya kwanza, Rice akakaa benchi, Yankees wakafungwa 3-1. Kesho yake Boston wakamleta Brayan Bello, wa kulia. Goldschmidt akakaa benchi, namba 3 akapewa Rice, na katika inningi ya kwanza, mpira wa kwanza aliorushiwa, akautuma ng’ambo ya ukuta.